Barua ya wazi kwa wakubwa wa mlima Elgon: mtu akizidiwa kule juu, nani anamshusha?

Mulembe wazee wetu.

Hii barua ni yenu nyinyi mnaosimamia hifadhi ya mlima Elgon upande wetu wa Uganda, na nyinyi wa utalii kule Kampala, na wenyeviti wa wilaya zote zinazozunguka huu mlima, Mbale, Sironko, Bulambuli, Kapchorwa, Kween, Bukwo, Bududa, Manafwa na Namisindwa. Nimewataja mmoja mmoja makusudi, asije mtu akasema haikumhusu.

Mimi ni mtu wa Budadiri, baba Mugisu, mama Msabiny wa kule Kapchorwa, nimebeba mizigo ya wageni kwenye huu mlima tangu nimalize shule na siku hizi naongoza vikundi. Naandika Kiswahili kwa sababu ndio tunaongea na mama na ndio tunaongea na wajomba wa Suam, na nataka pia majirani wa Kitale na Endebess kule Kenya wasome maana mlima ni mmoja, wao wanapanda kwa kule sisi kwa huku. Na katiba yetu yenyewe tangu 2005 inasema Kiswahili ni lugha rasmi ya pili, kwa hiyo msiniambie hamkuelewa.

Swali langu ni moja tu. Mtu akizidiwa kule juu, tuseme pango la Mude, mita 3,500, saa nane usiku, mvua ya barafu inapiga, nani anajua? Anapigiwa nani? Anashushwa na nini? Kwa sababu mimi najua jibu la sasa hivi, na jibu ni mgongo wa pota, yaani mbeba mizigo.

Wacha nieleze kwa wale hawajawahi kufika, maana najua wengine wenu ofisi iko mbali. Mlima wetu watu hawaujui sana. Ukisema mlima Afrika Mashariki mtu anakuambia Kilimanjaro, akijitahidi anasema Kenya, akiwa Mganda anaongeza Rwenzori, sisi wa Elgon tunajulikana kwa kahawa, kwa maporomoko ya Sipi na kwa wakimbiaji akina Cheptegei. Lakini Wagagai, kilele chetu, ni mita 4,321, mlima wetu ni wa pili kwa urefu Uganda nzima baada ya Rwenzori, na tofauti na Margherita, kilele cha Rwenzori, hauhitaji kamba wala viatu vya chuma vya kukanyagia barafu, ni miguu yako tu na roho yako. Ndio maana vijana wa Kampala wameupenda. Zamani nilikuwa naona wazungu wachache na wanafunzi wa chuo wa kuhesabu maua, sasa hivi kila msimu wa kiangazi, Desemba mpaka Februari na tena Juni mpaka Agosti, Budadiri inajaa watoto wa kwetu, benki, telekomu, makanisa, madaktari, watu wamevaa tisheti za rangi moja wanapiga picha kwenye kibao. Hiyo ni kitu nzuri sana! Mama wa chapati anauza, boda anapata, mwenye nyumba ya kulala anapata. Mimi mwenyewe nimejenga kwa hiyo pesa, siwezi nikaisema vibaya.

Lakini tazameni vile wanapanda. Wanatoka Kampala jioni baada ya kazi, basi linafika Mbale usiku wa manane, hawajalala, asubuhi wako Budadiri kwenye mita kama 1,250 wanaanza njia inayoitwa Sasa. Siku hiyo hiyo wanapita mashamba ya kahawa na migomba, wanapanda ngazi za pale kwenye jabali la Mudangi, wanaingia msitu wa mianzi, wanalala kambi ya mto Sasa mita 2,900. Yaani siku ya kwanza tu mwili umepandishwa mita 1,650. Siku ya pili Mude 3,500, halafu wengine hawalali vizuri hata, wanaamka usiku waone jua likitoka Wagagai, na jioni wanataka wawe wameshuka kwa sababu Jumatatu kuna kazi. Madaktari wa magonjwa ya milimani wanasema ukishapita mita 3,000 usiongeze zaidi ya kama mita 500 kwa siku kwenye mahali unapolala. Hapo 2,900 kwenda 3,500 tayari umezidisha, na ulianza na mwili uliokaa kwenye kiti cha basi usiku kucha.

Wengi wanafika vizuri, hilo ni kweli. Kichwa kinauma kidogo, wanakunywa chai ya tangawizi, wanapiga picha na zile lobelia kubwa zinazowazidi kimo, wanarudi. Shida ni yule mmoja.

Yule mmoja nimemwona na nitawasimulia, jina sitaji wala kampuni iliyomleta sitaji. Dada wa miaka ishirini na kitu, mzima kabisa, anakimbia mbio za mji, pale Mude jioni akaanza kutapika. Kiongozi wao wa kikundi, si mtu wa huku, akasema ni chakula, apumzike, kesho atakuwa sawa. Usiku mapota tukamsikia anaongea lakini maneno hayashikani. Asubuhi akatoka nje ya hema kujisaidia akatembea kama mtu aliyelewa waragi, ile pombe kali yetu, anaenda kushoto akitaka kulia. Mzee mmoja wetu, pota wa siku nyingi, aliangalia hiyo miguu akasema huyu hapandi tena hatua hata moja, huyu anashuka sasa hivi. Na hiyo kitu mzee alijua bila kusoma popote: mtu akianza kuyumba hivyo kule juu ni ubongo umevimba, na dawa yake ya kwanza ni kushuka, si kulala, si soda, si maombi peke yake. Kushuka.

Sasa kushuka na nini? Simu haishiki. Ukipanda juu kidogo ya pango mara nyingine inashika, halafu ujumbe unaingia, karibu Kenya! Ya ukweli, inashika minara ya kule. Redio ilikuwa moja na betri imekufa. Machela hakuna. Tulikata mianzi miwili, tukafunga blanketi na kamba za mizigo, tukambeba. Kubeba mtu mzima kwenye njia ya matope si watu wawili kama kwenye filamu, ni watu sita wameshika na wengine sita wako nyuma wanasubiri kupokea, baada ya dakika chache mikono inakufa mnabadilishana. Tulipofika kwenye zile ngazi za Mudangi mianzi haipiti. Ngazi ni ya mtu mmoja mmoja. Kijana mmoja akamfunga mgongoni na lesu vile mama anafunga mtoto, wengine wakashika kamba kwa juu, akashuka kinyumenyume ngazi moja moja, na mvua inanyesha.

Dada alipona. Vile tulivyozidi kushuka ndivyo macho yalivyofunguka, tayari kule kambi ya Sasa alikuwa ameshaomba chai na kuuliza begi lake liko wapi, na ndio vile huo ugonjwa unakuwa ukiwahiwa. Wakamchukua na gari mpaka Mbale. Alituma ujumbe wa shukrani, ana moyo mzuri.

Na yule kijana wa ngazi? Goti liliteguka pale chini. Alilipwa pesa ya kubeba mzigo siku hizo, basi, kama vile alibeba masufuria na unga wa posho. Hospitali alijilipia mwenyewe, msimu mzima uliobaki hakupanda, mke wake ndiye alikuwa anaenda kuchuma kahawa za watu. Kampuni ikasema yeye si mfanyakazi wao, ni wa kibarua. Kikundi cha mapota kikachanga kidogo. Hakuna karatasi yoyote duniani inayoonyesha kwamba alifanya hiyo kazi.

Sasa kabla hamjaanza kujitetea niseme pia upande wa pili, maana sipendi barua za kulaumu upande mmoja. Wapanda mlima wenyewe wanatuchosha. Mtu anapanda Wagagai na suruali ya jinsi! Jinsi ikilowa inakuwa nzito na haikauki, halafu upepo wa kule kwenye bonde la juu ukikupata umevaa hiyo mwili unapoa mpaka unaacha kutetemeka, na ukiona mtu ameacha kutetemeka ndio mbaya zaidi. Wengine wanabeba waragi ya kupasha joto, wanakunywa Mude, na pombe kule juu inakuharibia usingizi, inakukausha mwili na kukupotezea hilo joto lenyewe. Wengine wanaficha kwamba wanaumwa kwa sababu wamelipa na wanataka picha ya juu. Na vikundi vya watu hamsini na kiongozi mmoja ambaye amepanda mara moja, hiyo kwangu ni wazimu. Lakini nani amewaambia? Pale getini wanaulizwa pesa na kitambulisho. Hawaulizwi wamelala wapi jana, hawaulizwi nguo, hawaambiwi dalili. Karatasi moja tu ya Kiswahili, Luganda na Kiingereza ingetosha kuanzia, ikisema ukiyumba, ukichanganyikiwa, ukikosa pumzi hata umekaa, shuka usisubiri asubuhi.

Najua jibu la kwanza nitakalopewa, hakuna bajeti. La pili, watu wanaopatwa ni wachache.

Kwa hilo la pili nataka mnisikilize vizuri kwa sababu ndio sababu hasa nimeandika. Machela, kamba, redio na vijana waliofundishwa kubeba mtu kwenye mteremko si vitu vya watalii. Tarehe 1 Machi 2010 udongo ulishuka Nametsi kule Bududa ukafunika kijiji, watu mamia walikufa au hawakuonekana tena. Ukashuka tena Bukalasi Oktoba 2018. Ukashuka Bulambuli Novemba 2024. Na katikati ya hizo kuna mingine midogo ambayo haifiki kwenye redio, nyumba mbili, nyumba tatu. Kila mara waliofika kwanza ni nani? Majirani na majembe. Jeshi linakuja, Msalaba Mwekundu wanakuja, Mungu awabariki, lakini barabara imekatika na daraja limeenda, wanafika saa zimepita, na majeruhi wameshabebwa kwenye mablanketi na vitanda vya mbao mpaka kwenye barabara. Yaani vile vile tulivyombeba yule dada. Huu mlima tunaulima hadi kwenye kingo kwa sababu hatuna pengine pa kwenda, mvua ikija kubwa ule udongo mzito unalewa maji unateleza, na itatokea tena, nyinyi wenyewe mnatuambia kila mwaka tuhame.

Kwa hiyo kijana wa Budadiri au Kapkwai ambaye amefundishwa kumfunga mtu aliyevunjika na kumteremsha, huyo huyo ndiye atakuwa wa kwanza kwenye mlango wa bibi wa Bulambuli usiku wa mvua. Mkimlipia mafunzo mara moja mmenunua vitu viwili. Tena miguu na mapafu anavyo tayari, hamhitaji kumfundisha kukimbia mlimani, kama hapa tumemtoa Kiprotich akachukua dhahabu ya marathoni Olimpiki ya London 2012 mtashindwa kupata watu wa kubeba machela?

Na kuhusu bajeti. Sheria ya wanyamapori inasema asilimia 20 ya pesa ya getini irudi kwa jamii zinazopakana na hifadhi. Sisemi iliwe yote na machela, kuna shule na kuna mizinga ya nyuki. Lakini kipande kidogo cha hiyo kikiwekwa kwenye kikosi cha uokoaji cha vijana wa vijiji hivyo hivyo, si ndio imerudi kwa jamii? Au muongeze kidogo kwenye ada ya kupanda, bei ya roleksi tatu hivi, zile chapati za mayai, iandikwe kabisa kwenye risiti kwamba hii ni ya uokoaji na bima ya mapota. Mimi naongea na hawa wapanda mlima kila siku jikoni, mtu aliyelipa basi, hoteli, viatu vya laki kadhaa na tisheti hatakataa hiyo. Atakataa tu kama haoni ilikoenda.

Helikopta msituahidi. Tafadhali. Kila nikienda kwenye kikao mtu mmoja mkubwa anasimama anasema tutaleta helikopta na watu wanapiga makofi. Ukungu unaingia kule juu saa nne asubuhi na hautoki, hiyo helikopta itatua wapi, itaona nini. Kilimanjaro penyewe pamoja na helikopta zao bado wanatumia machela yenye gurudumu moja, watu wanaisukuma na kuishika njiani. Hiyo ndio kitu ya kwenda kutazama. Pale Mudangi gurudumu halitasaidia, pale ni kamba na mtu anayejua kufunga, na mafundi wa kwetu hapa Mbale wanaweza kutengeneza machela inayogawanyika mara mbili ikabebwa na mapota wawili kwenda juu, nimeshaongea na mchomeleaji mmoja akanichorea kwa chaki sakafuni.

Jambo lingine dogo lakini linanikera. Watu wengi siku hizi wanapandia Sasa wanashukia Sipi, wanapita pango la Tutum wanatokea geti la Kapkwai, kwa sababu wanataka kumaliza na maporomoko. Ni njia nzuri, mimi naipenda kuliko kurudi kwa Mudangi na magoti yanalia. Lakini daftari walilosaini liko Budadiri. Huku Kapkwai nani anajua wangapi walitakiwa kutoka leo? Kikundi kikipotea katikati, Budadiri wanadhani wametoka Sipi, Kapkwai hawajui kama walikuwa wanakuja. Simu moja ya jioni kati ya geti na geti inamaliza hiyo shida na ni bure. Njia ya Piswa upande wa Kapkwata vivyo hivyo.

Na mapota tuandikisheni. Sote, na wanawake wanaobeba siku hizi pia wapo na wanabeba vizuri. Jina, kijiji, namba ya simu ya mtu wa nyumbani. Mzigo upimwe kwa mizani pale getini kabla mtu hajauweka kichwani, na kampuni isiyotaka kupimwa isipande. Anayeshusha mgonjwa alipwe siku za kushusha mgonjwa, si siku za sufuria, na akiumia atibiwe. Sioni kama hapo nimeomba kitu kikubwa. Kijana akijua goti lake litatibiwa hatasita pale juu ya ngazi, maana nawaambia ukweli, baada ya ile habari ya mwenzetu kuna wanaosema wazi kwamba kesho mgonjwa akitokea watajifanya wamelala. Siwalaumu. Wana watoto.

Afcon ya 2027 tunaiandaa na Kenya na Tanzania, mnatuambia wageni watajaa, mnatengeneza mabango ya Sipi. Lami ya Kapchorwa kwenda Suam imerahisisha watu wa Kenya kuja. Mimi nawakaribisha wote, nitawapikia malewa, yale machipukizi ya mianzi, ya karanga wale mpaka wasahau nyama. Lakini mnavyoita watu jueni mnawaita wapi.

Tunachoomba kwa sasa ni kikao. Si Kampala, nauli hatuna, mje Budadiri, tutawapa viti na kahawa ya kwetu, mapota wa njia zote tatu watakuwepo na wale wazee waliobeba watu Bududa watakuja pia. Mtuletee jibu la maandishi, libandikwe kwenye mageti yote, nani anapigiwa na kwa namba gani, na kikosi kitaanza lini kufundishwa. Ikiwezekana kabla ya Desemba maana Desemba ndio wanaanza kupanda kwa wingi. Kama pesa ya mwaka huu inatosha machela moja tu basi iwekeni Mude, si getini.